Tagi Zilizokokota Manowari: Pawnee na Wenzake, 1944

Shikamooni wazee wangu. Assalamu alaikum, na habari za jioni kwa nyote. Naona humu ukumbini mabaharia wastaafu, vijana wa vyuo vya ubaharia, wafanyakazi wa bandari, na kina mama ambao waume zao wako majini hata saa hizi tunapozungumza. Asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie meli za vita. Nadhani wengi wenu mlitarajia nitaje manowari zenye mizinga mikubwa na zile za kubeba ndege. Zitatajwa, maana hadithi yangu haiendi bila hizo. Lakini usiku huu nazungumzia tagi. Kwa sisi watu wa Mombasa, tagi tunaiona kila siku pale Likoni ikiipokea meli ya makontena na kuisogeza gatini Kilindini, nasi tunapita kwa feri bila hata kuitazama mara mbili. Leo nataka tuitazame ikiwa vitani, katikati ya Bahari ya Pasifiki, mbali na bandari yoyote, imefungwa kwa waya kwenye manowari iliyotobolewa, na ndege za adui ziko juu.

Marekani ilipojiandaa kwa Vita vya Pili vya Dunia ilijua kwamba vita vya Pasifiki dhidi ya Japani vitakuwa vita vya masafa. Kutoka Pearl Harbor mpaka Ufilipino ni maelfu ya maili. Meli ikipigwa topido, lile bomu linalokwenda ndani ya maji, huko kati haina karakana ya kukimbilia. Ama ikokotwe, ama wenyewe waizamishe isiangukie mikononi mwa adui. Basi wakaunda aina mpya ya tagi, tagi za bahari kuu za kufuatana na kundi la manowari popote liendapo. Ya kwanza iliitwa Navajo. Zilizofuata zikapewa majina ya makabila mengine ya wenyeji wa asili wa Marekani: Seminole, Cherokee, Pawnee, Munsee, Zuni, na mengine mengi. Hapa sina budi kusema jambo moja kabla sijaendelea. Tagi Zuni ilikuwa ikiokoa manowari za Marekani mwaka 1944, na Wazuni wenyewe kule New Mexico hawakuruhusiwa kupiga kura mpaka mwaka 1948. Jina lao lilikuwa vitani, wao hawakuwa na sauti nyumbani. Sisi ambao wazee wetu walipigana Burma chini ya bendera ya mkoloni tunajua jambo hilo lina uzito gani.

Tagi hizi zilikuwa na urefu wa mita 62 na ushei, uzito wa tani kama 1,600 zikiwa zimejaa, na mabaharia wasiozidi mia moja. Zilikuwa na mzinga mmoja wa inchi tatu na bunduki kadhaa za kutungulia ndege. Nguvu zake zilikuwa farasi 3,000, na hapa naomba mafundi mnisikilize vizuri. Dizeli zake hazikuzungusha rafadha, yaani ile panga inayosukuma meli, moja kwa moja. Dizeli zilizalisha umeme, na umeme ndio uliozungusha mota ya rafadha. Faida yake ni kwamba tagi iliweza kuvuta kwa nguvu zote hata ikiwa inatambaa. Anayekokota meli yenye uzito mara nane au tisa ya wake hataki mwendo, anataka nguvu za polepole zisizokatika.

Halafu kuna winchi. Kule tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, palikuwa na winchi kubwa ya umeme yenye waya mnene wa chuma. Watu wasiofanya kazi hii hudhani kukokota ni kukaza waya mpaka ulie. Waya ukikazwa namna hiyo baharini utakatika kwa wimbi la kwanza. Waya hufunguliwa mita mia kadhaa mpaka uzito wake wenyewe uuzamishe katikati, ulegee chini ya maji kama kamba ya kuanikia nguo iliyoelemewa. Wimbi likiiinua meli ya nyuma, ule mlegeo unanyooka kidogo, unarudi, unanyooka tena. Bahari inapigana na mlegeo, haipigani na chuma. Na winchi zile zilikuwa na mtambo wa kuhisi mvuto: ukizidi, winchi inaachia waya kidogo yenyewe, ukipungua inauvuta ndani. Mwenye winchi alikesha hapo masaa yake ya zamu akiusikiliza ule mngurumo, na sauti ikibadilika tu alijua kuna jambo.

Waya ukikatika, ndugu zangu, haurushi onyo. Ncha yake inarudi sitahani kwa kasi na inakata chochote ilichokikuta. Zuni ilipoteza mabaharia wawili kwa namna hiyo, waya ulipokatika kazini. Hawakuuawa na Mjapani. Wako katika hesabu ya waliokufa vitani, na ni haki wawemo.

Sasa twendeni Formosa, kisiwa ambacho leo tunakiita Taiwan.

Tarehe 12 Oktoba 1944, manowari za kubeba ndege za Admirali William Halsey zilianza kukishambulia kisiwa kile, ambacho Japani ilikitumia kama kiwanja kikubwa cha ndege. Jioni ya tarehe 13, ndege za Kijapani zilipita chini chini juu ya maji, na topido moja ikaipata kruza, yaani manowari kubwa yenye mizinga, iitwayo Canberra ubavuni, chini ya bamba la chuma linaloikinga. Watu 23 walikufa. Maji tani 4,500 yakaingia vyumba vya mashine. Meli ikasimama kimya, kama maili 90 tu kutoka pwani ya adui.

Canberra hii ilikuwa na jina la mji mkuu wa Australia kwa sababu manowari ya Waaustralia yenye jina hilo ilizama mwaka 1942 kule visiwa vya Solomon ikipigana bega kwa bega na Wamarekani. Kwa hiyo jina lilikuwa limeshazama mara moja.

Halsey alikuwa na njia mbili. Kuwaondoa watu na kuizamisha, au kuikokota zaidi ya maili 1,200 hadi Ulithi, visiwa vidogo vya matumbawe ambako Wamarekani walikuwa wamefungua kituo majuma machache tu nyuma. Akaamua ikokotwe. Kruza mwenzake, Wichita, ikarusha kamba usiku ule na kuanza kuivuta. Kesho yake jioni zikaja ndege tena, na kruza nyingine, Houston, ikapigwa. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Ililala upande, umeme wote ukazimika, na mamia ya mabaharia wakahamishiwa kwenye meli nyingine gizani, wengine wakiruka majini. Kruza Boston ikaifunga kamba.

Fikirieni hali ilivyokuwa. Kruza mbili nzima zinazohitajika kupigana zimegeuzwa wavutaji, zinakwenda maili tatu nne kwa saa, na kila moja ina watu zaidi ya elfu ndani yake. Nyambizi moja ingetosha kuzimaliza.

Hapo ndipo zilipoitwa tagi. Pawnee na Munsee zilikuwa pamoja na meli za mafuta zilizofuata nyuma ya kundi. Munsee ikapokea Canberra kutoka kwa Wichita, na Pawnee ikapokea Houston kutoka kwa Boston. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu vitabu vingi hupita hapa kwa sentensi moja, na kazi yenyewe ndiyo hii.

Kupokezana kamba baharini na meli iliyokufa si jambo la dakika kumi. Kwanza inatupwa kamba nyembamba ambayo mtu mmoja anaweza kuirusha. Nyuma yake imefungwa kamba nene kidogo, na nyuma ya hiyo nyingine nene zaidi, mpaka ufike ule waya wenyewe ambao watu kumi hawauinui. Kwenye meli nzima, winchi ya nanga huvuta vyote hivyo. Kwenye meli isiyo na umeme ni mikono. Watu wamepanga mstari kwenye sitaha iliyoinama, yenye mafuta yanayoteleza, wanavuta kwa pamoja, hatua kwa hatua. Kisha waya unafungwa kwenye mnyororo wa nanga wa meli inayokokotwa, kwa sababu mnyororo ni mzito na unaongeza ule mlegeo niliowaeleza. Wakati wote huo nahodha wa tagi lazima aishikilie tezi yake karibu na omo, yaani mbele, ya mgonjwa, mawimbi yanazipandisha na kuzishusha meli zote mbili kwa nyakati tofauti. Akikaribia mno atagongwa. Akijitenga mno kamba zitakatika na kazi inaanza upya.

Mafundi wa tagi nao hawakukaa bure. Tagi hizi zilibeba pampu, vifaa vya kuchomelea na wapiga mbizi. Kuikokota meli inayozidi kujaa maji ni kazi ya bure, kwa hiyo pampu zilikuwa na maana sawa na waya.

Tarehe 16 Oktoba mchana, kabla ya saa nane, makumi ya ndege za Kijapani zilikuja kuwamaliza wagonjwa. Nyingi zilitunguliwa njiani na ndege za manowari Cabot na Cowpens zilizoachwa kuulinda msafara. Chache zikapenya. Moja ikaja kutoka nyuma, ikaachia topido yake, na topido ile ikaingia tezi ya Houston. Petroli ya ndege ikamwagika, ikawaka juu ya maji. Ipo picha iliyopigwa saa ile ile, na mlipuko unaonekana umepanda juu kuliko mlingoti.

Sasa mjiweke mahali pa nahodha wa Pawnee. Meli unayoikokota imepigwa topido kwa mara ya pili. Bahari nyuma yake inawaka moto. Tagi yako inaweza kwenda maili 16 kwa saa ikiwa haina mzigo, na iko hapo maili nne kwa saa kwa sababu ya waya mmoja. Ukiukata utaponyoka. Hakuna kanuni ya ubaharia ambayo ingekulaumu kwa kuukata kama meli ya nyuma inazama, kwa sababu meli inayozama humvuta pia aliyefungwa nayo.

Nahodha yule akapeleka ujumbe Houston. Akasema watashikilia. Ndiyo hayo tu. Maneno yale yameandikwa katika historia ya jeshi la wanamaji la Marekani, na mimi kila nikiyasoma nasimama kidogo, kwa sababu yule bwana hakuwa na mizinga mikubwa ya kulipiza, hakuwa na kasi ya kukwepa, alikuwa na waya na injini, na akaamua kwamba injini isizimwe. Pawnee haikuacha kuvuta hata wakati Houston inawaka.

Maji ndani ya Houston yalifika tani 6,300, karibu nusu ya uzito wake. Wahandisi wa meli mliomo humu mnajua maana yake. Kwa hesabu za karatasi ilipaswa iwe imekwisha. Nahodha wake, William Behrens, aliwapunguza watu tena, akabaki na wachache wa kuziba, kupampu na kuegemeza kuta za vyumba kwa magogo. Kila wimbi lilipopita, meli ilijipinda kiasi cha watu kuliona jambo hilo kwa macho. Ilisemwa kwamba kinachoizuia isikatike ni bamba moja moja la sitaha, na waliokuwemo waliamini hivyo.

Wakati huo huo redio ya Tokyo ilikuwa ikishangilia. Marubani wa Kijapani, wengi wao vijana wasio na uzoefu, walikuwa wameripoti kila moto walioona kuwa ni meli iliyozama. Makao makuu ya Japani yakatangaza kwamba manowari 11 za kubeba ndege za Marekani ziko chini ya bahari. Hakukuwa na hata moja iliyozama. Halsey akapeleka habari kwamba meli zake zilizozamishwa zimeopolewa na zinarudi nyuma kwa kasi kumwelekea adui. Kisha akafanya jambo la ujanja ambalo kwa mabaharia wa tagi lilikuwa la kutisha: akautumia msafara ule kama chambo. Alitaka kundi la manowari la Japani litoke kuja kuwamaliza vilema, naye awasubirie pembeni. Kundi moja la Kijapani lilitoka kweli, chini ya Admirali Shima, kisha likagundua kwamba Wamarekani bado wako wengi, likageuza.

Kwa hiyo Pawnee na Munsee zilitambaa siku baada ya siku zikiwa chambo kwenye ndoana. Zuni nayo ikaja kuongeza nguvu. Tarehe 27 Oktoba 1944, kruza zote mbili ziliingia Ulithi. Wakati zikiwa bado njiani, vita vikubwa vya Ghuba ya Leyte vilikuwa vimepiganwa na kumalizika. Ulimwengu ulikuwa umeshahamia habari nyingine. Houston ilitengenezwa kiasi cha kuweza kusafiri, ikafika karakana ya New York mwezi Machi 1945. Canberra ikarudishwa Boston, na miaka kumi na kitu baadaye ikawa moja ya manowari za mwanzo za kurusha makombora. Zote mbili zingekuwa chuma chakavu cha chini ya bahari kama si waya.

Sitaki mtoke hapa mkidhani tagi hushinda kila mara. Januari 1943, karibu na kisiwa cha Rennell huko Solomon, kruza Chicago ilipigwa topido, na tagi Navajo, ile ya kwanza kabisa, ikaipokea na kuanza kuikokota. Mchana wa tarehe 30 ndege zikarudi. Topido nne zaidi zikaipata Chicago, ikazama ndani ya nusu saa. Navajo haikuwa na cha kukokota tena, basi ikageuka kuokoa watu. Pamoja na manowari nyingine za ulinzi iliwatoa majini zaidi ya watu 1,000. Navajo yenyewe ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani mwezi Septemba mwaka huo huo, ikiwa inakokota tishari la petroli kutoka Samoa. Watu 17 walikwenda nayo. Seminole ilikuwa imeshatangulia, ilizamishwa kwa mizinga ya manowari za Kijapani mbele ya Guadalcanal Oktoba 1942. Nauset ilizama Septemba 1943 kwa mabomu ya Wajerumani katika mashambulizi ya Salerno, Italia. Mtu akikuambia kazi ya tagi ilikuwa ya nyuma ya vita, mtajie hizo tatu.

Zuni ilikuwa na maisha marefu. Baada ya Houston, Novemba mwaka huo huo wa 1944 iliifuata kruza Reno iliyopigwa na nyambizi, ikaikokota mpaka Ulithi. Mwaka 1945 ilikuwa Iwo Jima ikizinasua meli za kushusha vifaru zilizokwama ufukweni, mpaka yenyewe ikapandishwa ufukweni kusaidia moja. Vita vilipokwisha ilipewa Walinzi wa Pwani wa Marekani na kubadilishwa jina kuwa Tamaroa. Mwaka 1991, ikiwa na umri wa karibu miaka 50, iliingia katika dhoruba kubwa ya Atlantiki na kuokoa watu wa jahazi la matanga na wanne kati ya watano wa helikopta iliyolazimika kutua majini. Mwaka 2017 ilizamishwa kwa makusudi karibu na pwani ya Delaware iwe mwamba wa samaki.

Sasa nije kwetu, na hili ndilo lililonifanya nikubali mwaliko. Aprili 1942, baada ya Wajapani kuipiga Colombo na Trincomalee, Waingereza walilihamishia Kilindini kundi lao la manowari la Bahari ya Hindi, chini ya Admirali James Somerville. Bandari yetu ikawa kituo cha vita. Katikati ya mwaka huo nyambizi za Kijapani zilizamisha meli nyingi za mizigo katika Mlango wa Msumbiji. Manowari ziliingia na kutoka Kilindini, na manowari haziingii gatini peke yake. Kulikuwa na tagi, kulikuwa na matishari, kulikuwa na watu waliopokea kamba, na wengi wao walikuwa wazee wetu wa Likoni, Mtongwe, Kisauni na Lamu.

Vitabu vya Waingereza vimeandika majina ya maadmirali. Majina ya waliopokea kamba yamo kwenye vichwa vya watu wachache, na watu hao wanazidi kupungua kila mwaka. Kwa hiyo ninaloomba ni la vitendo. Mzee yeyote aliye hapa ambaye baba yake, mjomba wake au babu yake alifanya kazi kwenye tagi au tishari pale Kilindini kati ya 1942 na 1945, asiondoke kabla hatujaonana. Nina daftari na kuna vijana wawili wa kuandika. Tunataka jina kamili, mtaa alikotoka, jina la chombo kama linakumbukwa, na habari yoyote hata iwe fupi. Mwenye picha tutaipiga hapa hapa na kumrudishia. Vijana wa chuo, nanyi nawaomba mkaulize nyumbani wiki hii, kisha mje Jumamosi.

Meza iko pale mlangoni. Tuanze na wazee.